Wa Kwanza, wa Pili, wa Ngapi: Historia ya Maneno ya Mfuatano katika Nchi ya Wasukuma

Namba hufanya kazi mbili katika lugha. Hutaja wingi: mifuko mitatu ya mawe, maduara mawili (mashimo ya kuchimbia dhahabu), watoto watano. Hutaja pia nafasi ya kitu katika mstari: mfuko wa tatu, duara la pili, mtoto wa tano. Maneno ya kazi hii ya pili, ambayo hapa yataitwa maneno ya mfuatano, hayapatikani katika kila lugha, na pale yanapopatikana hayatoki katika chanzo kimoja. Katika ukanda unaoanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita na Chato, yamefika kwa vipindi, kila kipindi na njia yake: Kibantu cha kale, misafara ya pwani, reli, shule, machimbo na siasa.

Kiswahili kinachosemwa leo katika ukanda huo huunda mfuatano kwa urahisi. Huchukua kiunganishi cha -a, hukipatanisha na nomino, kisha huweka namba ikiwa tupu. Husemwa mchimbaji wa tatu, kijiji cha tatu, duara la tatu. Neno tatu halitikisiki. Kwenye wingi mambo ni tofauti, kwa sababu namba yenyewe hulazimika kuvaa kiambishi: wachimbaji watatu, vijiji vitatu, maduara matatu. Mgeni anayejifunza lugha hupata nafuu upande wa mfuatano.

Nafuu hiyo huanzia kwenye tatu. Kama kanuni ingefuatwa tangu mwanzo, ingesemwa duara la moja na duara la mbili. Hakuna asemaye hivyo. Kwanza halina undugu wowote na moja. Ni kitenzi kuanza kilichobanwa, ku- na -anza, na bado kinasikika waziwazi ndani yake. Siku ya kwanza ni siku ya kuanza. Mwisho nalo limetokana na kitenzi, kuisha, kwa hiyo ncha zote mbili za mstari zimeshikwa na vitenzi, na namba zimeachiwa katikati. Pili ni habari nyingine. Hilo ni umbo la kale la kuhesabia bila kutaja kitu: mosi, pili, tatu, nne, tano. Moja na mbili zilipochukua kazi ya kuhesabu, mosi na pili zilirudi nyuma. Mosi imebaki katika pembe chache, kama tarehe mosi, Mei Mosi na Jumamosi. Pili ilipata makao ya kudumu kwenye mfuatano. Anayeona pili kama neno lililokiuka kanuni anasahau kwamba lilikuwepo kabla ya hiyo kanuni anayoitumia kulipima.

Kiswahili hakiko peke yake katika tabia hiyo. Mwaka 2005 Thomas Stolz na Ljuba Veselinova, katika atlasi kubwa ya miundo ya lugha za dunia, walilinganisha lugha 321 kwa jambo hili moja. Lugha 33 kati ya hizo hazikuwa na maneno ya mfuatano kabisa. Lugha 41 tu ndizo zilizounda kila neno la mfuatano, hata lile la kwanza, kutoka kwenye namba ya kawaida, na nyingine 54 zilikuwa na njia mbili kwa neno la kwanza, moja ya namba na moja ya pekee. Kundi kubwa kuliko yote, la lugha 110, lilikuwa na neno la pekee kwa nafasi ya kwanza, kisha namba zikashika kuanzia ya pili. Lugha 61 zilikuwa na maneno ya pekee kwa nafasi mbili za mwanzo. Zaidi ya nusu ya lugha zilizopimwa, basi, hazikubali kwamba wa kwanza ni mtoto wa moja.

Sababu yake haihitaji kutafutwa mbali. Kumjua aliyetangulia hakuhitaji hesabu. Anaonekana kwa macho: yuko mbele, ameanza, ni kichwa cha mstari. Ndiyo maana Kilatini kilisema primus, yaani aliye mbele kuliko wote, na Kiebrania kikasema rishon, kutoka rosh, kichwa. Kiarabu kina awwal, lisilohusiana na wahid, moja. Lakini kuanzia ya pili Kiarabu huchota mizizi ya namba na kuimimina katika kalibu moja: thani, thalith, rabi. Nafasi ya pili nayo mara nyingi hutajwa kwa uhusiano wake na ya kwanza. Secundus ya Kilatini hutoka kwenye kitenzi cha kufuata. Kifini husema toinen kwa maana ya wa pili na pia kwa maana ya mwingine. Kiingereza cha kale kilifanya hivyohivyo kwa neno other, mpaka mkanganyiko ukalazimisha lugha hiyo kukopa second kutoka Kifaransa. Wapo wasiojisumbua na haya yote. Wachina huweka di mbele ya namba yoyote, ya kwanza ikiwemo. Waturuki wana birinci kutoka bir, moja, ingawa nao wana ilk pembeni. Wasomali husema koowaad kutoka kow, na Waamhara husema andegna kutoka and.

Wakulima na wahunzi wa Kibantu walipoenea pande za magharibi mwa Ziwa Viktoria katika milenia ya mwisho kabla ya Kristo, walikuwa na namba zao. Nyingi kati ya namba hizo zimeachwa zikiwa na sura za udugu kuanzia Kongo hadi Natal. Wa kwanza hakuachwa hivyo. Kila tawi lilimtafutia jina lake, na majina hayo huangukia makundi machache. Kundi moja ni la kuanza: kwanza ya Kiswahili, kwandya ya Kisukuma, oyamba ya Kichewa, okuqala ya Kizulu. Kundi la pili ni la mbele: mbere katika Kinyarwanda, Kirundi na Kikuyu, liboso katika Kilingala. Waganda husema -soose au kusooka, yaani kutangulia. Vitenzi vyenyewe havifanani kwa sauti, lakini wazo ni lilelile, na hiyo ni dalili kwamba neno hili lilikuwa likitengenezwa upya kila mahali, pengine zaidi ya mara moja.

Baada ya wa kwanza, Kisukuma na ndugu yake Kinyamwezi hufuata njia ambayo Kiswahili hakina. Namba huwekewa kiambishi ka-: -a kabili, wa pili, -a kadatu, wa tatu. Kinyarwanda hufanya hivyo pia, ila msikilizaji makini atagundua kwamba kiambishi chake hakitulii: kabiri, gatatu, kane, gatanu. Ka inageuka ga, inarudi ka, inageuka tena ga. Kikuyu, mbali huko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kina mchezo huohuo: gatatũ, kana, gatano.

Maelezo ya mchezo huo yalitoka Unyamwezi. Edmund Dahl, mmisionari wa Kanisa la Moraviani aliyefanya kazi huko wakati wa Wajerumani na ambaye kamusi yake ya Kinyamwezi ilichapishwa mwaka 1915, aliona kwamba silabi mbili jirani zenye konsonanti ngumu, kama t na t au k na t, hazipendi kukaa pamoja. Ya kwanza hulainika: t inakuwa d, k inakuwa g. Carl Meinhof, mtaalamu wa Kijerumani wa lugha za Kibantu, aliitambulisha kanuni hiyo kwa wasomi mwaka 1903 akaipa jina la Dahl, na mpaka leo inaitwa Kanuni ya Dahl. Kwa kanuni hiyo tatu ya pwani ni datu ya Wasukuma. Na kwa kuwa datu tayari imelainika, kiambishi ka- kilicho mbele yake hakina sababu ya kugeuka: kadatu. Wanyarwanda walifuata kanuni ileile lakini wakaibakiza tatu kama ilivyo, hivyo mzigo ukaangukia kiambishi: gatatu. Maneno mawili yanayoonekana kupishana yanatoka kwenye mdundo mmoja, na ni nadra kupata orodha fupi kama hii inayoonyesha kanuni ya sauti kwa uwazi hivyo.

Kwenye sita, saba na tisa historia ya pwani inaachana na ya bara. Waswahili walikuwa na tandatu, mfungate na kenda. Biashara na Waarabu ilileta sitta, saba na tisa, zikashika sokoni na kwenye mahesabu mpaka zile za kale zikasahaulika, isipokuwa kenda kwenye ushairi na misemo, na fungate, siku saba za maharusi. Kisukuma hakikubadilisha: -tandatu, mpungati, nane, kenda, ikumi. Bibi wa Kishapu anayesema mpungati na bibi harusi wa Unguja anayekaa fungate wanatumia neno moja. Jambo la kuzingatia ni kwamba Kiswahili kilikopa namba za Kiarabu, lakini hakikukopa mfuatano wake. Wa sita wa Kiarabu ni sadis, na neno hilo halikuingia. Sitta ilichukuliwa kama mali ghafi, ikawekwa -a ya Kibantu, ikawa wa sita.

Wasukuma wenyewe walikuwa wakopeshaji. Mashariki mwao, kuelekea Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, wawindaji wenye lugha isiyo na undugu na yoyote inayowazunguka. Namba zao za asili ni mbili: itchame, moja, na piye, mbili. Samaka, tatu, imetoka kwa Wadatoga wafugaji. Bone, nne, botano, tano, na ikhumi, kumi, zimetoka kwa Wasukuma, na badala ya nne Wahadzabe wengi huona inatosha kusema aso, yaani nyingi. Bila mifugo ya kuhesabu na bila mnada wa kupelekea mifugo hiyo, namba kubwa hazina kazi ya kila siku.

Mahali ambapo Wasukuma waliweka mfuatano kwa ustadi wao wa pekee ni kwenye majina ya watoto. Pacha anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa. Anayefuata ni Doto. Mtoto anayezaliwa baada ya mapacha, awe mmoja na awe wa kike au wa kiume, ni Shija. Hakuna namba katika majina hayo, lakini kila moja ni nafasi kamili. Anayejitambulisha kwa jina la Shija amekwisha kusema kwamba mbele yake wapo wawili waliozaliwa siku moja. Kinachobaki kuulizwa ni kama wazima. Vibarua wa mashamba ya mkonge, askari, wafanyakazi wa migodi na wafanyabiashara waliyasambaza majina haya nchi nzima, na sasa Kulwa na Doto ni majina ya mapacha wa makabila mengi ya Tanzania. Magazeti huyatumia hata kwa vitu: timu mbili zinazofanana mwenendo huitwa Kulwa na Doto bila maelezo ya ziada. Katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita jina la pacha wa pili limefika ngazi za juu serikalini kupitia Doto Biteko, mbunge wa Bukombe mkoani Geita, aliyekuwa Waziri wa Madini kuanzia 2019 na Naibu Waziri Mkuu kuanzia 2023.

Utaratibu wa namna hii una wenzake duniani. Waganda wana Wasswa na Kato kwa mapacha wa kiume, Babirye na Nakato kwa wa kike, na Kizza kwa anayewafuata. Wayoruba wa Nigeria wana Taiwo na Kehinde, na baada yao Idowu, lakini wao wamegeuza ukubwa: Taiwo hutoka kwanza kwa sababu ametumwa na Kehinde akaionje dunia, na aliyetuma ndiye mkubwa. Hapo utangulizi wa kuzaliwa na utangulizi wa heshima vimetengana, jambo ambalo neno kama kwanza, linalobeba yote mawili, haliwezi kulieleza. Watu wa Bali nchini Indonesia wana majina manne ya mfuatano, Wayan, Made, Nyoman na Ketut, na mtoto wa tano hurudishwa kwenye Wayan. Warumi walimwita mtoto Quintus au Sextus, wa tano au wa sita. Waswahili wa pwani wana Mosi, Pili na Tatu, majina ya hesabu tupu. Kwa mzaliwa wa kwanza na wa mwisho katika familia, hata hivyo, Kiswahili kimeacha namba na kuchagua picha: kifungua mimba na kitinda mimba. Tena ni ncha mbili za mstari zilizopata maneno yao.

Karne ya 19 misafara ya pembe na nguo ilipanda kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na wapagazi wake wakubwa walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Walirudi makwao na lugha ya pwani, na ndani ya lugha hiyo kulikuwa na juma. Juma la Waswahili huhesabiwa baada ya Ijumaa, siku ya sala ya jamaa. Siku inayofuata ni juma la mosi, Jumamosi, kisha Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Baada ya hapo hesabu hukatika. Siku ya sita haikuitwa Jumasita. Iliachiwa jina la Kiarabu, Alhamisi, ambalo maana yake ni ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Matokeo yake Waswahili wana siku mbili za tano zinazofuatana, Jumatano na Alhamisi, na hakuna anayepoteza usingizi kwa hilo.

Siku moja ya juma inatosha kuonyesha jinsi mfuatano unavyotegemea mahali pa kuanzia. Siku ambayo Msukuma anayepeleka ng'ombe mnadani huiita Jumanne, yaani ya nne, Mnyarwanda huiita ku wa kabiri na Mganda huiita Lwakubiri, wote wawili wakimaanisha ya pili, kwa sababu wamisionari waliwahesabia kuanzia Jumatatu. Mrusi naye husema vtornik, ya pili. Mreno husema terça-feira na Mgiriki husema Triti, ya tatu, na jina la Kiarabu la siku hiyo limetoka kwenye tatu. Mfanyabiashara anayevuka kutoka Kahama kwenda Kigali huhama hesabu mbili nzima pasipo kuhama siku.

Miezi ilikuwa na mfuatano wake pia. Pwani huhesabu miezi tisa baada ya Ramadhani, mfunguo mosi, mfunguo pili, hadi mfunguo tisa. Hesabu hiyo haikuzama bara. Huko watu walichukua kalenda ya Wazungu, wakaacha majina yake wakaweka mfuatano: mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, mpaka wa kumi na mbili. Hasara haikuwepo. Septemba kwa Kilatini ni mwezi wa saba na Desemba ni wa kumi, mabaki ya kalenda ya Kirumi iliyoanzia Machi, na anayesema mwezi wa tisa ameusahihisha mpangilio huo uliokwisha kuharibika zamani.

Reli ilifika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, ikipitia Shinyanga, na ikaleta mfuatano wa aina mpya. Mabehewa yalikuwa ya daraja la kwanza, la pili na la tatu. Hapa namba haikutaja tena nani ametangulia kwa wakati, ilitaja nani ni bora kuliko nani, na kila aliyepanda aliona behewa lipi lilijaa watu wa rangi gani. Daraja katika maana hiyo limeenea tangu hapo kwenye cheti cha mtihani, kwenye hoteli, hata kwenye mchele. Pamba, zao lililoibeba Shinyanga kwa miaka mingi, ilikwepa mkondo huo: mkulima alipangiwa pamba safi na pamba fifi, maneno mawili yenye ubora ndani yake, na mizani haikuhitaji kusema ya kwanza wala ya pili.

Shule ndiyo iliyoyafanya maneno haya kuwa ya kila mtu. Wajerumani walitumia Kiswahili katika shule zao za serikali, na Waingereza walipounda kamati ya lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930 lahaja ya Unguja ikawa kipimo cha vitabu. Wa kwanza na wa pili wa vitabu hivyo walikaa juu ya wa kwandya na wa kabili wa nyumbani. Kwa muda mrefu maneno hayo yalikuwa ya wachache. Uamuzi uliofanywa na chama tawala cha TANU mjini Musoma mwaka 1974 wa kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, uliotekelezwa kwa nguvu kuanzia 1977, uliwaingiza darasa la kwanza watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kukaa darasani. Tangu hapo Msukuma wa kijijini hukutana na mfuatano wa Kiswahili mapema maishani, na hukutana nao kama mahali: yuko la kwanza, amepanda la pili, amemaliza la saba. Nomino darasa huanguka njiani na -a hubaki ikishikilia nafasi yake kwa kiambishi la. Baadaye neno hilo likawa sifa ya mtu. Kusema fulani ni la saba ni kumtaja kuwa hakufika sekondari, na machimboni Geita husemwa bila haya, pengine kwa majivuno, na mwenye maduara aliyeajiri wenye vyeti.

Dhahabu ina mfuatano wake, na huo una uzito wa fedha. Mgodi wa kikoloni wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Baada ya sheria za madini kulegezwa, mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa Geita mwaka 2000, na Bulyanhulu upande wa Kahama ukafuata mwaka 2001. Pembeni mwa makampuni, Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwingineko, wachimbaji wadogo waliendelea na kazi iliyokuwepo kabla. Leseni kwa ujumla hufuata kanuni ya aliyetangulia kuomba: ombi lililopokelewa kwanza ndilo hushughulikiwa kwanza. Hapo kwanza si heshima wala ubora, ni tarehe na saa iliyogongwa kwenye ombi, na migogoro kadhaa ya maeneo hugeuka kuwa swali la nani alikuwa wa kwanza kufika porini na nani alikuwa wa kwanza kufika ofisini. Mara chache huwa mtu mmoja.

Kwenye kazi yenyewe, mfuatano wa namba hutumika kidogo kuliko mtu angetarajia. Mawe hutoka kwenye duara, husagwa kwenye karasha, huoshwa kwenye mwalo na dhahabu hukamatwa kwa zebaki. Mchanga unaobaki bado una dhahabu nyingi, na mara nyingi huwa mali ya mwenye karasha, anayeuza kwa wenye mitambo ya sayanaidi. Mchanga huo hauitwi wa pili. Unaitwa marudio. Wachimbaji wamefanya kama Kilatini na Kifini: nafasi ya pili wameitaja kwa kile kinachotokea, kurudia, kufuata, kuwa kingine, kabla ya kuihesabu. Mfuatano kamili husikika zaidi kwenye zamu za kazi, shifti ya kwanza na ya pili, mahali ambapo saa ndiyo inayopanga.

Siasa ya Tanzania nayo imeutumia sana mfuatano. Mwaka 1945 Kidaha Makwaia, ntemi wa Usiha katika Shinyanga, aliteuliwa pamoja na Abdiel Shangali wa Machame kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, na wote wawili huandikwa kuwa Waafrika wa kwanza katika baraza hilo. Kiswahili hakioni tatizo kuwa na wa kwanza wawili, kwa kuwa kuanza kunaweza kufanywa na wengi kwa pamoja, jambo ambalo neno moja lisingeliruhusu. Baada ya uhuru serikali zenyewe zilianza kupewa namba. Uongozi wa Julius Nyerere ni Awamu ya Kwanza, wa Ali Hassan Mwinyi kuanzia 1985 ni ya Pili, wa Benjamin Mkapa kuanzia 1995 ni ya Tatu, wa Jakaya Kikwete kuanzia 2005 ni ya Nne. John Magufuli wa Chato, wilaya iliyo katika Mkoa wa Geita tangu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2012, aliongoza ya Tano kuanzia 2015 hadi alipofariki Machi 2021, na Samia Suluhu Hassan akafungua ya Sita. Zanzibar ina hesabu yake, na kwa hiyo Ali Hassan Mwinyi ni Rais wa Awamu ya Tatu akitazamwa kutoka Unguja na wa Awamu ya Pili akitazamwa kutoka Dodoma. Katika mazungumzo ya kawaida jina la rais huachwa kabisa: barabara ilijengwa awamu ya nne, uwanja wa ndege wa Chato ni wa awamu ya tano.

Kiswahili kina pia chombo ambacho Kiingereza kinakikosa, nacho ni swali la mfuatano. Mzazi humuuliza mtoto aliyeleta matokeo: umekuwa wa ngapi? Rais huyu ni wa ngapi? Mwingereza analazimika kuzunguka ili aulize hivyo. Mjerumani ana wievielte na Mrumi alikuwa na quotus. Ngapi katika swali hilo hukaa tupu kama tatu na nne, bila upatanisho wa wangapi au mangapi, jambo linaloonyesha kwamba kanuni ya mfuatano inafanya kazi hata pale ambapo namba yenyewe haijulikani.

Namba zikivuka kumi, kwanza hupoteza cheo chake. Wa kumi na moja, wa ishirini na moja, wa mia moja na moja: hakuna kuanza tena humo. Kifaransa hufanya vivyo hivyo, premier likiachia nafasi unième katika namba kubwa. Kiingereza hung'ang'ania first kuanzia ishirini na moja mpaka mwisho. Pili nayo huachia mbili, kwa hiyo karne iliyotangulia ile ya kumi na tatu ni ya kumi na mbili, si ya kumi na pili. Kwenye maandishi Kiswahili hakikuwahi kubuni alama ya mfuatano. Pale ambapo Kiingereza na Kifaransa huninginiza herufi juu au nyuma ya tarakimu, mwalimu wa Shinyanga huandika la 7, wa 1, ya 3, na msomaji hujua kutokana na -a kwamba 1 ya hapo inasomwa kwanza.